Kiharusi na Haki ya Wasiosoma



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona kijitabu cha Haki na Amani kikianza kwa kuzungumzia ugonjwa. Mmezoea kusoma humu habari za migogoro ya ardhi, mirathi ya wajane, mishahara iliyocheleweshwa na uchaguzi. Ugonjwa, mtasema, ni kazi ya madaktari, nayo sala ni kazi ya padre. Lakini liko swali moja ambalo daktari peke yake hawezi kulijibu, wala padre hana haki ya kulikwepa kwa kunyunyiza maji ya baraka na kwenda zake: kwa nini kiharusi, ambacho chaweza kumpata kila mwanadamu mwenye mishipa ya damu, huwaua na kuwalemaza zaidi wale waliosoma kidogo na wenye kipato kidogo?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu mshipa umepasuka na damu imemwagika. Sehemu ile iliyokosa damu huanza kufa katika dakika chache. Ndiyo maana mtu aliyeamka mzima huonekana ghafla uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatamkiki. Kwa kuwa hutokea namna hiyo, bila hodi, wengi wetu huamini kwamba kiharusi hakina historia. Ukweli ni kwamba kina historia ndefu. Kwa watu wengi historia hiyo ni ya shinikizo la damu, ambalo sisi sote huliita presha, lililokuwa likipanda kimyakimya kwa miaka kumi au ishirini bila homa wala maumivu. Uchunguzi mkubwa uitwao INTERSTROKE, uliofanywa katika nchi 32 na kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mambo kumi tu yanayoweza kurekebishwa huhusika na takriban viharusi 9 kati ya kila 10. Presha ndiyo ya kwanza. Nyuma yake zinafuata tumbaku, kisukari, ulaji mbaya, mwili usiofanya mazoezi, ulevi, msongo wa mawazo na mengineyo. Basi sehemu kubwa ya misiba hii ingeweza kuzuiwa. Na kitu kinachoweza kuzuiwa, kisha kikazuiwa kwa wengine na kuachwa kwa wengine, hakiwezi kuitwa majaliwa.

Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba presha na kiharusi ni magonjwa ya wakubwa: ya watu wenye magari na vitambi, wanaokula nyama choma kila Jumamosi jioni. (Sisi mapadre nasi, waseme wasemao, hatukuachwa nje ya orodha hiyo.) Msemo huo una chembe ya ukweli. Katika nchi kama Tanzania unene na kisukari vimeonekana zaidi mijini na miongoni mwa wenye nafasi. Lakini chembe ya ukweli yaweza kuficha ukweli wenyewe. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mwingine, uitwao PURE, uliofuatilia watu zaidi ya 150,000 katika nchi 20, tajiri na maskini. Katika zile nchi maskini, watu wenye elimu ndogo kabisa walipatwa na maradhi makubwa ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwamo, kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wale wenye elimu ya juu. Tena elimu ilibashiri hatari hiyo kuliko mali zilizomo nyumbani.

Sasa sikilizeni jambo lililo zito kuliko hilo. Watafiti walipopima vile vitu vinavyoleta ugonjwa, yaani unene, mafuta katika damu na vinginevyo, waliona kwamba kwa jumla wale wenye elimu ndogo katika nchi maskini hawakuwa na mzigo mkubwa kuliko wasomi. Mzigo wao ulikuwa mwepesi zaidi. Walikuwa na sababu chache za kuugua, na hata hivyo wakaugua na kufa zaidi. Tofauti ilikuwa katika matunzo: nani alipimwa, nani alipewa dawa, nani aliendelea kuzipata, nani alifika hospitali. Kwa hiyo wale wanaohubiri kwamba maskini anakufa kwa kiharusi kwa sababu hajui kula wanamsingizia marehemu.

Tuje nyumbani. Miaka ya 1996 na 1997 watafiti waliwapima watu katika sehemu mbili za Tanzania: Ilala jijini Dar es Salaam, na kijiji cha Shari katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Kotekote, mjini na kijijini, takriban watu wazima 30 kati ya 100 walikuwa na presha ya juu. Kati ya hao wenye presha, wasiofika 20 kwa 100 ndio waliojua kwamba wanayo. Kama 10 kwa 100 walisema wanatumia dawa. Na wale ambao presha yao ilikuwa imetulia kweli hawakufika hata mmoja kwa 100. Someni tena hesabu hiyo taratibu. Ina maana kwamba katika kanisa lililojaa watu wazima 1,000, wagonjwa wa presha wangekuwa kama 300, na kati yao waliolindwa dhidi ya kiharusi wasingejaza hata kiti kimoja cha mbele. Miaka mingi imepita tangu hapo, na vipimo vimeongezeka. Lakini mtu yeyote anayewatembelea wagonjwa majumbani ajua kwamba kundi lile la wasiojua halijakwisha.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 ukafanyika uchunguzi mwingine, wa kuhesabu viharusi vyenyewe, katika Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, ilionekana kwamba kwa kila watu 100,000 Hai ilipata viharusi vipya 108.6 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Nchi ni moja, serikali moja, hata koo ni zilezile maana nusu ya Hai ina ndugu zake Dar es Salaam, lakini hatari yakaribia mara tatu. Mji una mambo yake mengi: chumvi na mafuta ya vyakula vya barabarani, sigara, usingizi mchache, na Virusi vya UKIMWI, ambavyo utafiti uliofuata uliviona vikihusika waziwazi na kiharusi jijini. Nayataja haya ili kuonyesha kwamba mahali mtu anapoishi na namna anavyoishi ndivyo vinavyoandika hatari yake. Damu ya ukoo haibadiliki kwa kupanda basi.

Tujiulize sasa: shule huufikaje mshipa wa damu? Hakuna aliyewahi kumezeshwa cheti cha darasa la saba kama kidonge. Njia ni nyingi, na ni za kawaida mno, ndiyo maana hazitushtui. Mwenye elimu hupata aghalabu kazi ya mshahara wa mwezi. Mwenye mshahara hupata bima. Mwenye bima hupimwa presha hata alipokwenda hospitali kwa ajili ya kikohozi. Mwalimu akiomba ruhusa ya kwenda kliniki, mshahara wake haukatwi. Mama ntilie akifunga jiko siku moja ili akapange foleni, mtaji wake wa unga na mafuta huliwa nyumbani jioni ileile, na kesho hana cha kupikia wateja. Mlinzi wa usiku hutoka kazini alfajiri, na saa za kliniki ndizo saa zake za kulala. Kibarua wa shambani hulipwa kwa siku aliyolima. Kwa watu hawa kliniki ya kila mwezi ni faini ya kila mwezi, nasi twawalaumu kwamba hawahudhurii.

Tena presha ni ugonjwa wa hesabu na maandishi. Namba mbili huandikwa kwenye kadi, moja juu ya nyingine, tuseme 160 juu ya 100, na mgonjwa huambiwa arudi mwezi ujao. Ni wangapi wameelezwa maana ya namba hizo? Mtu aliyekua na malaria amejifunza, na amejifunza kwa haki, kwamba dawa humezwa mpaka dozi iishe na homa iondoke. Akipewa vidonge vya presha vya siku 30, akavimaliza na kujisikia mzima, mafunzo yote ya maisha yake yamwambia kwamba amepona. Hakuna aliyekaa naye dakika kumi kumfafanulia kwamba ugonjwa huu hauponi bali hutulizwa, na kwamba kujisikia mzima si dalili ya kuwa mzima. Ndipo utawakuta wengine wakimeza kidonge siku kichwa kinapouma tu. Wengine humwazima jirani. Wengine hugawa presha kuwa ya kupanda na ya kushuka, na kila mmoja hujichagulia iliyo yake. Tusiite hayo ujinga wa mgonjwa. Ni kazi ya kufundisha ambayo haikufanywa, na aghalabu haikufanywa kwa sababu muuguzi wa zahanati yuko peke yake na nje kuna watu sitini wanaomngoja.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vingi vya tiba. Mwenye elimu huuliza. Tangu shuleni amezoea kunyosha mkono. Daktari akisema jambo asilolielewa, atasema, "Naomba unieleze tena," na daktari atamweleza, tena kwa adabu. Asiyesoma husema, "Ndiyo, daktari," hata kama hakuelewa neno, kwa kuwa tangu utoto amefundishwa kwamba mbele ya mwenye kalamu mtu hunyamaza. Hutoka na karatasi asiyoweza kuisoma, humpa mtoto wa jirani amsomee, na mtoto husoma jina la dawa lakini si namna ya kuitumia. Kimya hicho ni sehemu ya ugonjwa. Nathubutu kusema kwamba miongoni mwa viharusi tunavyovizika, vimo vilivyoanzia katika "ndiyo" hiyo.

Wala tusidhani kwamba fedha za hospitali zikipatikana tofauti zote zitayeyuka. Uingereza ilianzisha huduma ya afya isiyo na malipo mwaka 1948. Hata hivyo, uchunguzi ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa watumishi wa serikali jijini London, watu wenye ajira na mshahara wa uhakika, ulionyesha kwamba matarishi na mabawabu walikufa kwa maradhi ya moyo, ndugu wa kiharusi, zaidi ya mara tatu kuliko mabwana wakubwa wa ofisi hizohizo. Sigara ilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Kupokea amri mchana kutwa, bila kuwa na neno juu ya kazi yako mwenyewe, nako hudhuru mwili.

Hapa kwetu kuna na suala la imani juu ya chanzo cha ugonjwa. Utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2008 uliwauliza watu wa Hai na wa Dar es Salaam kiharusi hutoka wapi. Mngetarajia kwamba wanavijiji ndio watakaotaja mapepo. Ikawa kinyume: wa Hai walitaja zaidi presha, mafuta na mawazo mengi, jijini ndiko wengi walikotaja mashetani na uchawi, na huko ndiko waganga wa jadi walikoendewa kwanza. Tusiwacheke. Mtu hutafuta maelezo mahali anapoelezwa, na mganga wa jadi, hata akikosea, humketisha mgonjwa, humwita kwa jina la ukoo na kumsikiliza saa nzima. Nami niseme wazi kuhusu jambo lililo karibu zaidi na sisi: wako wahubiri, na baadhi ya vikundi vya maombezi, wanaowaambia wagonjwa waache vidonge kama ushahidi wa imani. Huo ni udanganyifu unaoua. Anayesali na ameze dawa yake. Hakuna fundisho lolote la Kanisa Katoliki linalomtaka aitupe.

Kiharusi kinapokwisha kuangusha mtu, ukosefu wa haki huingia awamu ya pili. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ipo duniani, lakini hutakiwa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na hutolewa tu baada ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, maana aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo yaweza kumwua. Mashine za picha hizo zimo katika hospitali kubwa za mijini. Mtu aliyeanguka usiku kisiwani Ukerewe ana ziwa la kuvuka kabla ya kufika Mwanza. Sisemi haya ili tukate tamaa na kumwacha mgonjwa nyumbani, la hasha. Hata pasipo dawa hiyo, hospitali huzuia kupaliwa, vidonda vya kulala na kiharusi cha pili. Uso ukipinda, mkono ukilegea, usemi ukikokoteka, mgonjwa apelekwe palepale, wala asipewe chakula wala kinywaji njiani.

Wanaobaki hai hurudi nyumbani, na nyumbani ndiko kwenye jambo ambalo hasa limenisukuma kuandika. Katika Hai, wale waliopatwa na kiharusi walipofuatiliwa, takriban mmoja kati ya wanne alifariki ndani ya siku 28, na ilipotimia miaka mitatu zaidi ya nusu walikuwa wamefariki. Kati ya kuanguka na kufa kuna miezi au miaka ya kulishwa, kuogeshwa, kugeuzwa kitandani usiku na mchana. Nani hufanya kazi hiyo? Yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu alibebwa na wanaume wanne mpaka juu ya dari. Katika nyumba zetu nyingi mbebaji ni mmoja, naye ni binti. Nyumba ya mwenye nafasi huajiri msaidizi na kumlipia mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nyumba ya maskini humtoa msichana shuleni. Si ada inayomtoa. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne katika shule za umma. Kinachomtoa ni ndoo ya maji, shuka za kufua kila asubuhi, na mama aliyekwenda sokoni kwa sababu sasa ndiye mlishi peke yake. Mwanzoni hukosa shule siku mbili kwa juma. Kisha hukosa mtihani. Kisha jina lake hufutwa kwenye daftari la mahudhurio, na hakuna anayeuliza, kwa kuwa kila mtu humsifu kwamba ni mtoto mwema anayemtunza bibi yake.

Mtoto mwema huyo atakuwa mama asiyesoma. Atafanya kazi isiyo na bima, atakwenda kliniki pale atakapoweza, atasema, "Ndiyo, daktari." Hivyo kiharusi cha bibi humwandalia mjukuu kiharusi chake mwenyewe miaka arobaini kabla. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 1987, alitumia jina la miundo ya dhambi kwa mipango ya jamii inayozaa mabaya. Sijaona mfano ulio wazi kuliko huu. Bibi hana kosa, binti hana kosa, mama yuko sokoni akihangaika.

Mintarafu wajibu wa serikali, tuseme kwa haki na bila kuogopa. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma ulianza mwaka 1993. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Msamaha huo ni jambo jema, lakini mara nyingi humpatia mzee ushauri wa bure na karatasi ya kwenda kununua vidonge dukani, na vidonge ndivyo alivyovifuata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Twaipokea kwa furaha, na kipimo chetu juu yake kitakuwa kimoja: je, mjane wa kijijini asiye na mshahara anakuta dawa za presha katika zahanati yake kila mwezi, bila kukosa? Hatuombi maajabu. Baadhi ya dawa hizo zagunduliwa tangu miaka ya 1950; ni za bei nafuu, na hazilindwi tena na hataza ya mtu yeyote. Serikali iliyoweza kufikisha chanjo vijijini yaweza kufikisha kidonge.

Nasi tunajua kwamba nchi hii iliwahi kuwafundisha afya watu wasiosoma, tena kwa wingi. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya redio iitwayo "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, kiongozi aliyefunzwa akawasomea kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kijijini kwao. Vyoo vingi vilichimbwa kwa njia hiyo. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, maana alisikia na aliongea. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Presha haijawahi kupata kampeni ya namna ile. Matangazo ya siku hizi ni mabango ukutani, na bango humfundisha anayejua kusoma.

Lakini vikundi vya kusikiliza na kujadili bado vipo. Ni Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka kuwa mpango wao wa kichungaji katika miaka ya 1970. Zinakutana kila juma, majumbani, na ndani yake mwalimu huketi mkeka mmoja na mchoma mkaa. Kama kuna mahali asiyesoma aweza kuuliza bila aibu, ni hapo. Karibu kila parokia ina muuguzi mstaafu au mganga wa zahanati aliyepumzika. Awezeshwe kuwa na mashine ya presha na kuzunguka Jumuiya moja kila juma. Asimtangaze mtu kuwa mgonjwa kwa kipimo kimoja. Kipimo hurudiwa siku nyingine, na mwenye 140 juu ya 90 au zaidi hupelekwa zahanati, akisindikizwa na mwenzake ajuaye kuuliza. Na upimaji huo usitozwe sadaka wala mchango wa aina yoyote.

Zahanati na hospitali zetu za Kanisa nazo zijitazame. Haitoshi kutundika msalaba juu ya dirisha la mhasibu. Inapotokea kwamba mgonjwa wa presha amekatishwa dawa kwa sababu ya deni, halafu akaletwa amepooza, Halmashauri ya Walei ina haki ya kuuliza na kujibiwa.

Kuna na hesabu ya michango. Mtu akifa kwa kiharusi, Jumuiya hukusanya fedha za jeneza, sanda, usafiri, turubai na chakula cha waombolezaji, kwa siku mbili tu, na hakuna anayelalamika. Huo ni utu wetu, na sipendi upungue. Lakini mtu yuleyule alipokuwa hai na kukosa nauli ya kwenda kuchukua vidonge, hakuthubutu kusema, wala sisi hatukuuliza. Mweka hazina wa Jumuiya na akae chini na daftari la mwaka uliopita, ajumlishe fedha za msiba mmoja, kisha aulize duka la dawa bei ya vidonge vya presha vya mwezi, na azigawanye. Jibu alisome mbele ya wote.

Na kabla hatujafika huko, kila kiongozi wa Jumuiya apite nyumba zenye mgonjwa aliyepooza na kuuliza jambo moja: ni nani anayemtunza mchana? Akiambiwa ni mtoto wa umri wa shule, aandike jina, darasa na siku aliyoacha. Zamu za wanajumuiya za kumwogesha na kumlisha mgonjwa zipangwe hapohapo, asubuhi kwa asubuhi, wanaume wakiwamo, na mwalimu mkuu aendewe na watu wawili ili jina la mtoto lirudishwe kwenye daftari. Orodha yenyewe ipelekwe kwa katekista, aje nayo kwenye kikao kijacho cha Halmashauri.